Jiji Moja, Viwanja Vitatu: Kisa cha Kiti cha Kungojea

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kusimama katika kituo cha mabasi alfajiri, mkononi huna tiketi, na gari unalolitaka limekwisha kujaa. Ukamwendea kondakta, ukamwamkia kwa adabu kuliko kawaida yako, ukamwomba akutazamie: huenda yuko abiria aliyelipa naye hakuamka. Ukasimama kando ya mlango ukihesabu vichwa. Dereva akapiga honi ya mwisho, kondakta akakupungia mkono, nawe ukapanda mbio kama mtu aliyeokoka.

Basi ujue kwamba hata katika safari za ndege, ambazo wengi wetu huzidhania kuwa ni utaratibu mtupu, abiria wa namna hiyo wapo, tena kila siku. Wenyewe humwita msafiri wa stendibai. Mimi katika makala haya nitamwita msafiri wa kungojea, kwa kuwa kungojea ndiyo kazi yake. Nami nakueleza habari zake si kwa kusimuliwa, bali kwa kuwa nilipata kuwa mmoja wao, pamoja na mama yangu mzazi, na nusura nimponze.

Mwezi Julai mwaka 2023 nilimsindikiza Mama kwenda Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 67 na hakuwa amepata kupanda ndege maishani mwake. Dada yangu mkubwa, aishiye Queens katika jiji la New York, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Nawe wajua desturi zetu: mzazi hukandwa na mama yake, akatunzwa hadi arobaini itimie. Mama aliuza mbuzi wawili, sisi watoto tukachangishana, na safari ikawa. Alifunga begi lake mwenyewe. Ndani mlikuwa na kanga mpya jozi nne, iliki, mafuta ya nazi ya kumkandia mzazi, na vidonge vyake vya presha vya miezi mitatu, alivyovifunga katika leso kama mtu afungavyo fedha.

Safari yetu ilipitia Ulaya na kutua Chicago, ambako tulitakiwa kupanda ndege ya ndani kwenda New York, mwendo wa saa mbili hivi. Utaratibu wa Marekani ni kwamba msafiri atokaye nchi za nje huchukua mizigo yake katika kiwanja cha kwanza anachotua, hupita nayo forodhani, kisha huikabidhi upya kwa ajili ya safari ya ndani. Tulifanya hivyo. Begi la Mama lilipita mbele yangu, nikalishika kwa mikono yangu miwili, nikalitua juu ya mkanda, likaenda. Kumbuka jambo hilo, msomaji, maana tutalirudia.

Mstari wa uhamiaji ulikuwa mrefu. Tulipotoka humo, mvua ya radi ilikuwa imekwisha kulifunika jiji, na ndege yetu ilikuwa imekwisha kuondoka. Ndege nyingine kadhaa zilifutwa. Mtumishi wa kaunta alitupa viti vya hakika vya kesho yake saa 11 jioni. Kuhusu hoteli, alisema kwamba mvua haikuletwa na kampuni yao. Mama alikuwa amekwisha kukaa njiani zaidi ya saa 30. Nikauliza kama hakuna njia nyingine yoyote. Akatuandika katika orodha ya kungojea.

ORODHA YA KUNGOJEA

Yafaa tuielewe kwanza orodha hiyo. Makampuni ya ndege huuza tiketi zaidi ya idadi ya viti, kwa kuwa uzoefu umewafundisha kwamba kila siku wako wasiotokea. Wengine huchelewa mjini, wengine hukwama katika ndege nyingine iliyochelewa. Ikiwa wasiotokea ni wengi kuliko ilivyokisiwa, viti hubaki vitupu. Na kiti kilichoruka kitupu ni mali iliyooza, hakiuziki tena. Kwa hiyo kampuni hupenda kumpata mtu wa kukikalia, hata dakika ya mwisho.

Wanaongojea ni wa namna mbili. Kwanza wako abiria wa kawaida waliolipa nauli yao, ambao wamekosa ndege yao au wanataka kuondoka mapema kuliko walivyopangiwa. Pili wako wafanyakazi wa makampuni ya ndege na jamaa zao, ambao husafiri kwa nauli ndogo mno, wakati mwingine bure, kwa sharti kwamba hawana kiti cha hakika. Mfanyakazi wa namna hiyo huweza kukaa kiwanjani siku nzima akizitazama ndege tano zikijaa mbele ya macho yake.

Orodha ina cheo chake, wala si mambo ya aliyetangulia kufika tu. Abiria aliyelipa nauli kamili kwa kawaida hutangulizwa mbele ya mfanyakazi. Miongoni mwa waliolipa, hutazamwa kama mtu ni mteja wa siku nyingi, aina ya tiketi yake, na saa aliyojiandikisha. Miongoni mwa wafanyakazi, mara nyingi hutazamwa miaka ya utumishi. Katika viwanja vingi vya Marekani majina hutokea juu ya runinga karibu na lango, yakiwa yamefupishwa kuwa herufi chache za mwanzo. Utamwona mzee mwenye suti ya thamani amesimama akizikodolea macho herufi nne, jinsi mwanafunzi anavyotazama matokeo ya mtihani yaliyobandikwa ukutani.

Lakini orodha haiitwi mpaka mwisho. Kwa safari za ndani za Marekani, abiria mwenye kiti chake hutakiwa awe langoni takriban dakika 15 kabla ya saa ya kuondoka. Saa hiyo ikipita, mhudumu wa lango huweza kumfuta asiyetokea na kuita jina la kwanza katika orodha. Hapo ndipo moyo wa msafiri wa kungojea hudunda. Na aliyekwenda msalani wakati huo, shauri yake.

Zamani kungojea kulikuwa nauli ya kila mtu. Tarehe 26 Septemba 1977, mfanyabiashara wa Kiingereza Freddie Laker alianzisha safari aliyoiita Skytrain, kati ya kiwanja cha Gatwick, London, na New York. Nauli ya kwenda ilikuwa paundi 59 tu. Kutoka New York ilikuwa dola 135. Hukuweza kuweka nafasi mapema. Ulikwenda siku hiyo hiyo, ukapanga mstari, ukanunua tiketi iwapo viti bado vipo. Ndege yake ya DC-10 ilichukua abiria 345, na watu wa kima cha chini, ambao bahari ya Atlantiki waliijua katika ramani tu, wakaivuka. Makampuni makubwa yakalazimika kupunguza nauli nayo yakatoa tiketi za kungojea. Kampuni ya Laker ilianguka Februari 1982, lakini mawazo yake hayakufa naye: leo zipo kampuni nyingi za nauli nafuu, ingawa siku hizi unafuu hutafutwa kwa kununua mapema na si kwa kupanga mstari.

JE, MNAKWENDA NEW YORK AU LAGUARDIA?

Turudi Chicago. Ndege yetu iliyotuacha ilikuwa ya kwenda LaGuardia. Niliisoma ile runinga: mbele yetu mlikuwa na majina 31. Ndege ya kwanza ikaondoka, tukasogea majina manne. Ya pili ikaondoka, tukasogea sita. Mama aliketi akiwa amejitanda kanga, viatu amevivua, miguu imevimba. Hakulalamika. Mtu asiyelalamika ndiye anayekutia hofu.

Ndipo mhudumu mmoja wa lango, mwanamke wa makamo, alipotazama tiketi zetu akaniuliza: "Je, mnakwenda New York, au mnakwenda LaGuardia?"

Nilidhani ni swali la kipuuzi. Nikajibu, "New York." Akasema, "Basi niwaandikeni na Newark vilevile. Huko watu si wengi hivi."

Katika swali lile, msomaji, imo elimu nzima. Jiji la New York linahudumiwa na viwanja vikubwa vitatu. Cha kwanza ni Newark, kilichofunguliwa mwaka 1928, nacho kwa kweli hakimo New York kabisa. Kipo jimbo la jirani la New Jersey, ng'ambo ya mto Hudson. Cha pili ni LaGuardia, kilichofunguliwa mwaka 1939, ndani ya Queens, karibu na katikati ya jiji. Cha tatu ni kile kilichofunguliwa mwaka 1948 na watu wakakizoea kwa jina la Idlewild, kikapewa jina la Rais John F. Kennedy mwishoni mwa mwaka 1963, baada ya kuuawa kwake. Vyote vitatu huendeshwa na mamlaka moja, na katika lugha ya mawakala wa tiketi jiji lote lina herufi zake tatu, NYC, ingawa kila kiwanja nacho kina zake: EWR, LGA na JFK.

Ubishi wa kuwa Newark ni New York au siyo haukuanza na mimi. Mwaka 1934, Meya wa New York, Fiorello La Guardia, alitua Newark akiwa na tiketi iliyoandikwa New York. Aligoma kushuka. Alidai apelekwe New York kama tiketi ilivyosema, hata ikabidi arushwe hadi kiwanja kidogo cha Brooklyn kiitwacho Floyd Bennett. Miaka mitano baadaye jiji lake lilikuwa na kiwanja kipya, nacho ndicho kilichobeba jina lake.

Kwa nini viwanja visiwe kimoja tu? Sababu ni ardhi, maji na kelele. LaGuardia kimebanwa baina ya makazi ya watu na ghuba, na njia zake za kurukia ndege ni fupi. Aidha, tangu mwaka 1984 ipo kanuni isiyoruhusu ndege zake kwenda mbali zaidi ya maili 1,500, yaani kilomita 2,400 hivi, isipokuwa siku za Jumamosi na kwa mji wa Denver. Safari ndefu husukumwa Kennedy na Newark. Hivyo kila kiwanja kina abiria wake na majira yake. Wakati lango moja limefurika, lango la kiwanja kingine cha jiji lile lile huweza kuwa na viti vitatu vinavyotafuta watu.

Usidhani mambo haya ni ya Wamarekani peke yao. Hapa kwetu, mtu akikuambia anatua Arusha, yafaa umuulize: Kisongo au KIA? Kiwanja cha Arusha kipo pale Kisongo, magharibi ya mji, nacho ni cha ndege ndogo. Kiwanja cha Kimataifa cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1971, kipo mashariki, kati ya Arusha na Moshi, mwendo wa karibu kilomita 50 kutoka mjini. Mwenyeji anayekungojea kimoja huku umetua kingine atakungojea sana. Nairobi nako wapo walioshuka Jomo Kenyatta huku ndege yao ya pili ikiwangoja Wilson, na foleni ya magari ikawa baina yao.

KITI KIMOJA, WATU WAWILI

Saa 1.30 jioni, mhudumu yule alituita. Ndege ya LaGuardia ilikuwa na kiti kimoja. Kimoja tu. Alinipa dakika mbili.

Nilipiga hesabu upesi. Dada alikuwa tayari njiani kwenda LaGuardia, kwa kuwa pale ni karibu na nyumbani kwake. Safari ni ya saa mbili, haina kubadili ndege, na mlango wa kutokea ni mmoja. Nikamwendea Mama, nikamwambia: "Mama, panda wewe. Utamkuta dada mlangoni. Mimi nitakuja nyuma."

Mama alinitazama. "Mwanangu," alisema, "nimetoka nyumbani na wewe, nitafika na wewe. Mimi lugha yao siijui. Nikianguka humo ndani, nani atawaambia naitwa nani?"

Sikuwa na jibu. Kiti kile alipewa kijana mwanafunzi aliyekuwa nyuma yetu, naye alishukuru mara tatu. Sisi tukahamia lango la Newark. Saa 2.20 usiku majina yetu yaliitwa, yote mawili. Viti havikuwa pamoja, lakini abiria mmoja alikubali kuhama, na Mama akalala begani kwangu kabla ndege haijaacha ardhi. Nilijiona hodari. Nilijisemea kwamba leo nimeupata ujanja wa kusafiri.

Ndugu msomaji, ujanja wangu ulikwisha pale tulipokanyaga Newark karibu saa 6 usiku, Mama aliponiambia: "Kichwa kinaniuma. Nipe vidonge vyangu."

BEGI HALISOMI JINA LA JIJI

Vidonge vilikuwa katika begi. Begi lilikuwa na lebo iliyoandikwa LGA. Mtu huweza kubadilisha nia langoni, lakini begi halina nia; lina lebo. Katika lebo hiyo hapaandikwi jina la jiji, huandikwa kiwanja. Sisi tulikuwa Newark, na begi letu lilikuwa limekwenda LaGuardia, au lilikuwa linaelekea huko.

Kwa safari za kimataifa kwa kawaida begi haliruki bila mwenyewe. Ulinzi huo ulikazwa baada ya bomu lililofichwa ndani ya sanduku kuilipua ndege juu ya mji wa Lockerbie, Scotland, Desemba 1988. Lakini ndani ya Marekani begi lililokaguliwa kwa mashine huweza kutangulia, kuchelewa au kwenda njia nyingine kabisa. Msafiri wa kungojea hutengana na mzigo wake mara nyingi kuliko abiria mwingine yeyote, kwani hata yeye mwenyewe hajui ataondoka saa ngapi na atashukia wapi.

Dada naye alikuwa LaGuardia. Ujumbe wangu kutoka Chicago aliupata akiwa amekwisha kufika, mtoto amemwacha na shemeji. Kutoka Newark hadi Queens inabidi uvuke mto Hudson, uivuke Manhattan yote, kisha uvuke na mto wa mashariki. Mchana ipo gari moshi ya kukufikisha katikati ya jiji. Usiku ule, na mama mgonjwa, tulichukua teksi. Nauli yake, pamoja na ushuru wa barabara, sitaitaja hapa, maana mke wangu husoma ukurasa huu. Itoshe kusema kwamba kiti nilichokiona ni cha bahati kilinigharimu.

Tuliingia nyumbani saa 8 usiku. Dada alikwenda duka la dawa linalokesha. Mfamasia, kwa adabu zote, alimweleza kwamba sheria haimruhusu kutoa dawa ile bila cheti cha daktari wa huko. Jirani yao mmoja, muuguzi mwenye asili ya Kenya, aliamshwa akaja na kipimo chake. Presha ya Mama ilikuwa 180 kwa 100. Akasema alale, asinyanyuke, asile chumvi. Na kwamba kifua kikibana, au macho yakiona kiza, tupige simu ya dharura bila kungoja kukuche.

Sikulala. Nilikaa chini kando ya kitanda nikisikiliza pumzi zake. Nilikumbuka mkanda ule wa Chicago na begi mikononi mwangu. Ningefungua zipu moja tu. Nilikumbuka pia kile kiti kimoja nilichokiachia. Angekipanda, angemkuta dada mlangoni, na dawa zingemfuata pale pale kabla ya kulala. Lakini nilikumbuka na maneno yake, kwamba nani angewaambia anaitwa nani. Mpaka leo sijajua kama nilikosea kumsikiliza. Ninachokijua ni kwamba kosa la dawa lilikuwa langu, wala halikuwa la mvua, wala la mhudumu wa lango.

Asubuhi shemeji alikwenda LaGuardia. Begi lilikuwa limewekwa katika ofisi ya mizigo, kanga zimetulia ndani yake. Saa 4 Mama alimeza kidonge chake. Saa 8 mchana aliomba maji ya moto na mafuta ya nazi. Alisema hakuja Marekani kulala.

YAFAAYO KUKUMBUKWA

Sikuandika haya ili kukuogofya. Kungojea ni njia halali ya kusafiri, na kukubali kiwanja cha jirani ni akili, iwapo umeyapima mambo kabla ya kuulizwa langoni. Miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu wako wenye watoto wanaosoma ng'ambo, wako wanaosafirisha wagonjwa, na wako wanaokwenda kuzika. Kwao nina machache.

Kwanza, dawa, karatasi za hospitali, pasipoti, fedha na anwani ya mwenyeji havikai katika begi la kukabidhi. Hukaa katika mkoba wa mkononi, nao hauachani na mwenyewe. Ikiwa mhudumu wa ndege atautaka mkoba huo kwa kuwa nafasi ya juu imejaa, toa vitu hivyo kwanza ndipo umpe.

Pili, kabla ya kukubali kiwanja kingine, uliza maswali matatu. Begi langu liko wapi, nalo litakwenda wapi? Kutoka kiwanja hicho nitafikaje ninakokwenda saa hiyo ya usiku, na kwa nauli gani? Na kiti changu cha hakika cha kesho kitabaki, au kitafutwa nikiondoka leo? Makampuni hutofautiana. Yako yanayoruhusu mtu kuhamia kiwanja kingine cha jiji lile lile bila malipo, na yako yasiyoruhusu kabisa.

Tatu, mjulishe mwenyeji mapema kwamba huenda ukabadili kiwanja, naye asiondoke nyumbani mpaka apate habari kwamba umekwisha kukaa ndani ya ndege. Kuitwa jina si kupanda. Wako walioitwa wakafika mlangoni na kurudishwa kwa sababu ya uzito wa ndege.

Nne, amueni mapema, mkiwa bado nyumbani, kama mtakubali kutengana. Familia ya watu wanne ikisisitiza kwenda pamoja itangoja sana, kwani viti hujitokeza kimoja kimoja. Lakini mtoto, mgonjwa na mzee asiyejua lugha wasiachwe peke yao. Uamuzi huo haufanyiki vizuri katika dakika mbili.

Tano, tazama viza yako. London ina viwanja vingi: Heathrow upande wa magharibi, Gatwick kilomita 45 hivi kusini, Stansted kaskazini-mashariki, Luton kaskazini, na kile cha London City karibu na katikati ya jiji. Ukishuka Heathrow na ndege yako ya pili ikawa Gatwick, inabidi upite uhamiaji na kuingia nchini Uingereza, na kwa pasipoti zetu hilo kwa kawaida halifanyiki bila viza. Istanbul nako kuna viwanja viwili, kimoja Ulaya na kingine Asia. Yule anayekuuzia tiketi za bei nafuu zenye viwanja viwili tofauti hakuambii hayo.

Sita, jua haki yako. Kanuni ya Umoja wa Ulaya nambari 261 ya mwaka 2004 husema kwamba, ikiwa mji una viwanja kadhaa na kampuni ikakupeleka kiwanja kingine badala ya kile ulichokatia tiketi, gharama ya kukufikisha kiwanja chako, au mahali pengine pa karibu mtakapokubaliana, ni ya kampuni. Lakini kanuni hiyo haimlindi anayesafiri bure, au kwa nauli ndogo isiyouzwa kwa umma, kama wafanyakazi wa ndege na jamaa zao. Nayo Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, katika kanuni iliyoitoa mwaka 2024, ilihesabu kubadilishiwa kiwanja kuwa ni badiliko kubwa la safari, ambalo abiria akilikataa na asisafiri hustahili kurudishiwa fedha zake. Tofauti iko hapa: wao wakikubadilishia ni haki yako, wewe ukiomba kubadilishiwa, kama nilivyofanya mimi, teksi ni yako.

Saba, tazama ramani. Mara nyingine jibu si ndege. Kati ya Washington na New York gari moshi huchukua kama saa tatu na nusu, nayo hukushusha katikati ya jiji bila kuuliza unataka kiwanja gani. Kutoka Chicago tusingeweza, kwani gari moshi ya huko huchukua karibu siku nzima.

Mama alikaa hadi arobaini ikapita. Siku ya kurudi, katika kaunta ya kukabidhi mizigo, niligeuka nikamkuta amekwisha kulifungua begi mwenyewe, mbele za watu, mstari ukimngoja. Alitoa kile kifurushi cha leso, akakichomeka kifuani, akafunga zipu.

"Sasa lichukueni," akamwambia yule mhudumu kwa Kiswahili, "mlipeleke mnakotaka."